Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi: Nani aliwaruhusu kuwatosa vijana wetu majini?

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi.

KUH: MAJARIBIO YA VIFAA VYA WANAFUNZI KWENYE MIILI YA WATU WA LAMU

Profesa,

Assalamu alaikum, na baada ya salamu.

Barua hii ulistahili kuisoma peke yako ofisini. Ya kwanza niliituma kwa njia hiyo, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba jambo langu limepokelewa na linashughulikiwa. Ya pili haikujibiwa. Kwa simu nimezungushwa kutoka kwa karani hadi kwa mhadhiri msimamizi, na kutoka kwake hadi kwa karani yule yule. Ndipo nikaona niandike mbele ya watu. Jina la chuo chako nimeliacha makusudi. Sidhani kama ni chuo chako peke yake kinachofanya hivi, tena wanafunzi waliokuja huku ni watoto wa watu, wamefanya kama walivyofunzwa. Ninayemtaka anijibu ni wewe.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi mjini Lamu na katika zahanati za visiwani. Uhandisi siujui. Lakini kumdunga mtu sindano, kumpima, kumfunga kifaa mwilini, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu, na najua ni maswali mangapi mtu hujibu kabla ya kuruhusiwa kuugusa mwili wa mwenzake kwa jambo ambalo bado halijathibitika.

Kwa wasomaji wasiojua kilichotokea, nitakisimulia kwa ufupi. Msimu wa kusi, wanafunzi wa mwaka wa tano walishuka Lamu na miradi yao ya kumalizia shahada. Kikundi kimoja kilileta jaketi la kuokolea, laifujaketi kama tuitavyo gatini, walilolishona wenyewe na kulijaza vipande vya plastiki na sponji vilivyookotwa ufuoni. Wazo zuri, nalikiri bila kinyongo. Plastiki imetujaa, na laifujaketi nzuri ni ghali kwa mvuvi mwenye kidau. Kikundi cha pili kilileta ukanda wa mkononi wa kupima mapigo ya moyo na oksijeni, uliokusudiwa wavuvi na wazamiaji wa kambakoche. Wakakaa gatini, wakaita vijana, wakatangaza kwamba atakayeruka majini na jaketi mara tatu, na kuvaa ukanda kabla na baada, atapata shilingi 300. Kabla ya alasiri kijana mmoja alikuwa amevutwa kutoka majini na nahodha wa boti iliyokuwa ikipita, jaketi limemvuka kichwa. Mwengine alirudi kwao akiamini kwamba ana ugonjwa wa moyo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna mtu aliyelipitia jaribio lile kabla ya kufanywa.

Nilipomuuliza mhadhiri msimamizi kama kamati ya maadili ya chuo, ile inayopitia utafiti unaohusu watu, ilitoa kibali, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, huu si utafiti. Ni mradi wa darasani."

Profesa, nimelitafakari jibu hilo kuliko jambo jengine lolote katika kisa hiki. Alinieleza kwamba utafiti ni ule unaotafuta maarifa ya kuchapishwa, na wanafunzi wake wanatafuta alama tu, kwa hiyo kamati haiwahusu. Mpwa wangu aliyesomea Nairobi akaniambia kwamba fikra hiyo haikuanzia kwenu: hata Marekani kanuni za serikali zinauelezea utafiti kuwa ni uchunguzi wa utaratibu unaokusudia kuzaa maarifa ya kutumika kwa upana, na vyuo vingi huko huiacha kazi ya darasani nje ya mlango wa kamati. Sawa. Mwanafunzi anayewauliza wenziwe kama kiti alichokichonga kinakaliwa vizuri hana haja ya kusimamishwa mbele ya maprofesa saba. Mlango huo uliachwa wazi kwa ajili ya mambo kama hayo. Kwenu amepitishwa humo mtoto aliyetoswa baharini. Mkondo wa maji haumuulizi mtu kama anafanya utafiti au anatafuta alama.

Tena hata hilo la kwamba si utafiti mnalisema mkiwa kwetu tu. Mpwa wangu huyo alipita kwenye maonyesho ya miradi chuoni kwenu, akalipiga picha bango la jaketi lile. Lina jedwali la matokeo, lina michoro, na lina kichwa cha habari kinachotaja majaribio yaliyofanywa na watumiaji wa Lamu. Mbele ya waamuzi ni utafiti. Mbele ya mama wa mtoto ni kazi ya darasani.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka anayefanya utafiti nchini awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kamati za maadili za vyuo nazo zinatambuliwa na tume hiyo hiyo. Chuo chako kinayo kamati. Naijua, kwa sababu wanafunzi wenu wa uuguzi walipokuja kuwauliza akina mama jinsi wanavyowanyonyesha watoto, walikuja na barua yenye mhuri wake, na tuliisoma zahanatini kabla hawajauliza swali la kwanza. Kwa hiyo katika chuo kimoja, anayeuliza habari za maziwa ya mama anahitaji mhuri, na anayemrusha mtu majini na kifaa ambacho hakijawahi kujaribiwa hahitaji. Nani aliyeyapanga mambo namna hii, naomba nimjue.

2. Idhini iliyochukuliwa haikuwa idhini.

Palikuwa na karatasi, sikatai. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na chini yake mahali pa kutia saini. Vijana walitia saini kama mtu atiavyo saini kupokea pesa, kwani ndivyo walivyoelewa. Niliomba kuiona, inasema mshiriki anakubali kushiriki "kwa hiari na kwa dhima yake mwenyewe". Haisemi kwamba jaketi halijajaribiwa popote. Haisemi kwamba linaweza kuvuka kichwa. Haisemi mtu akiumia atatibiwa na nani, kwa pesa za nani.

Mwaka 1947, baada ya madaktari wa Wanazi kuhukumiwa Nuremberg, majaji waliandika kanuni kumi, na ya kwanza ni hiari ya mtu anayejaribiwa. Ndani ya hizo kumi imo pia kwamba mtu huyo awe na uhuru wa kusimamisha jaribio wakati wowote. Gatini kwetu malipo yalifungwa kwenye mruko wa tatu. Kijana aliyevutwa na nahodha ameniambia kwamba baada ya mruko wa pili alitaka kuacha, kwa sababu jaketi lilishaanza kunywa maji na kuwa zito. Akaruka tena. Shilingi 300 ni kidogo kwako, Profesa, na pengine ni kidogo kwangu. Kwa kijana anayeshinda gatini akisubiri mzigo wa kubeba, si kidogo, na aliyeipanga bei alilijua hilo.

Na kijana huyo ana miaka kumi na mitano. Hakuna aliyemuuliza umri. Idhini ya mtoto hutolewa na mzazi, na mzazi wake alikuwa Shela kazini, habari akazipata jioni kwa majirani.

Sisi watu wa pwani si wageni wa utafiti. Kilifi, tangu 1989, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na washirika wake wamekuwa wakifanya uchunguzi wa malaria na maradhi mengine, na waliona lazima wawe na wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, na karatasi za idhini kwa Kiswahili na Kigiriama, zinazosomwa kwa sauti na kuelezwa. Haikufika hapo kwa siku moja, na hadi leo wapo wanaolalamika. Lakini ukienda Kilifi ukamwambia mtu "tia saini hapa" bila ya maelezo, atakuuliza wewe ni nani na umetumwa na nani. Lamu mnatuletea karatasi ya Kiingereza, na hapa kuna wazee ambao Kiswahili chao wanakisoma kwa herufi za Kiarabu.

3. Jaketi lenyewe halikuwa tayari kuvaliwa na mtu.

Hapa nazungumza kwa msaada wa manahodha na wa mpwa wangu, maana mimi mwenyewe boti naipanda tu. Viwango vya kimataifa vya laifujaketi, vinavyoitwa ISO 12402, vinayapanga majaketi kwa nguvu ya kuelea: nyutoni 50, 100, 150 na kuendelea. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 150 linakusudiwa kumgeuza hata aliyezimia, uso ukae juu. Wanafunzi walipoulizwa na nahodha lao ni la ngapi, walijibu kwamba linaelea.

Nguvu ya kuelea haihitaji mtu kuipima. Unalizamisha jaketi ndani ya tangi, unalitundikia uzito, unaandika namba. Unaliacha limelowa usiku kucha, asubuhi unapima tena ujue limepoteza kiasi gani. Kazi hiyo ingefanyika chuoni kwenu, kwa ndoo na mizani, bila nauli ya kuja Lamu, na ingewaonyesha kwamba sponji ile inakunywa maji. Jambo hilo wamelijua kwa kifua cha mtoto. Wahandisi wana hata masanamu ya kazi hii. Mpwa wangu anasema Marekani waliunda sanamu la mtu mwaka 1949, wakaliita Sierra Sam, wakawa wanalirusha na viti vya ndege za kivita wapate kujua rubani atavunjika wapi. Miaka zaidi ya sabini imepita. Sisemi mnunue sanamu la bei hiyo. Gunia la mchanga lenye kichwa na mabega lingetosha kuonyesha kwamba jaketi lisilo na mkanda wa kupita miguuni hupanda shingoni.

Na siku waliyoichagua! Ilikuwa bamvua, maji yanatoka, na kusi inavuma. Mkondo wa mbele ya mji wetu maji yakitoka unajulikana na kila mtu aliyekulia hapa. Mtoto hafundishwi kuogelea saa hizo. Manahodha walikuwepo hatua chache kutoka pale, wamekaa wanakunywa kahawa, na hakuna aliyewauliza. Hapakuwa na boti ya kusubiri. Hapakuwa na kamba. Hapakuwa na mtu aliyejua kumpa huduma ya kwanza aliyekunywa maji. Hospitali ya kaunti iko mji huu huu na haikupewa taarifa. Nahodha aliyemwokoa mtoto alikuwa akipita na abiria wake kutoka Mokowe, kwa rehema ya Mungu tu.

4. Ukanda wa mkononi umemuumiza mtu ambaye hakupata hata mchubuko.

Kisa hiki wengi wamekiona kidogo mbele ya kile cha jaketi. Mimi ndicho kinachonikosesha usingizi, labda kwa sababu kiko karibu na kazi yangu.

Kijana wa pili ni baharia wa boti, mwenye afya, hajui dawa. Alipotoka majini, mikono ya baridi na imelowa, walimfunga ukanda, na kioo cha simu kikaonyesha oksijeni asilimia 84. Mwanafunzi akamsomea kwa sauti, watu wote wanasikia, akamwambia pia kwamba moyo wake "unarukaruka", afadhali amwone daktari. Kisha akaita mwengine.

Muuguzi yeyote akiona 84, namba ya chini sana, kwa mtu aliyesimama anacheka na wenziwe, kitu cha kwanza kukishuku ni kifaa. Vipimo hivi hupitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma unaporudi. Mkono ukitikisika, ngozi ikiwa baridi, ukanda ukilegea, namba inayotoka haina maana. Rangi ya ngozi nayo ina neno. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba vipimo vya kidoleni, vile vilivyoidhinishwa na vinavyotumika hospitalini kila siku, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ikiwa vya hospitali vina kasoro hiyo, hiki kilichounganishwa kwa risasi ya kuchomelea bwenini kina nini? Na kumbuka kosa hilo la 2020 lilikuwa la upande mwengine, la kumwambia mgonjwa kwamba yu mzima. Mzamiaji wa Kizingitini akiaminishwa na ukanda kwamba oksijeni yake iko sawa, atashuka tena.

Yule baharia hakushuka wala hakupanda. Aliacha kwenda kazini. Usiku akawa anaamka kujishika kifua. Nyumbani kwao kulikuwa na posa inayozungumzwa, na upande wa pili wakasikia, kwa sababu gatini hakuna siri, wakaomba mambo yasubiri kidogo. Mama yake alipokuja kwangu aliniuliza kwa kunong'ona kama ugonjwa huo unarithiwa. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Kipimo cha hospitali kilisoma 98, moyo ukasikilizwa, hakuonekana na kitu. Amerudi kazini. Posa bado inasubiri.

Hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi wale aliyerudi kumuuliza hali. Sidhani kama wanamkumbuka. Kwenye jedwali la bango, mpwa wangu anasema, yumo kama mshiriki wa tisa, na mbele yake pameandikwa kwamba kipimo "kinahitaji kurekebishwa".

Kifaa kinachojaribiwa hakitakiwi kumtolea mtu majibu. Kioo hufunikwa, namba zikaandikwa kando, zikalinganishwa na za kipimo kilichoidhinishwa, na awepo mtu wa afya ambaye kama kweli pana jambo, atalisema yeye, faraghani. Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu mmoja aliyeulizwa mapema.

5. Picha na video.

Video ya mtoto akihangaika majini iliwekwa mtandaoni na wanafunzi, ikiwa na muziki. Imeondolewa baada ya barua yangu ya kwanza, na hilo nalishukuru. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Namba za mapigo ya moyo ya vijana wetu ziko kwenye simu ya nani sasa?

6. Hamkurudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlikuja, mkachukua namba, mkaondoka. Jaketi hatukuliona tena, wala hatukuambiwa kama linafaa.

Najua utakayoyasema, Profesa, kwa sababu mengine nimeshaambiwa na walio chini yako.

Utasema muhula ni mfupi na kamati inachukua miezi. Ni kweli, na ni kosa lenu wenyewe kulitengeneza. Kamati inayowachelewesha wauguzi na wahandisi sawasawa inahitaji njia mbili: mlango mwembamba kwa mradi wenye hatari ndogo, upitiwe na watu wawili ndani ya wiki moja, na mlango mkubwa kwa mradi unaomwingiza mtu majini, unaompa umeme, unaomlisha au kumnywesha kitu, au unaomwambia habari za mwili wake. Mradi wa mwaka wa mwisho unajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Kama muda wa kununua sponji umepatikana, wa kuuliza nao upo.

Utasema mzee mmoja wa mtaa aliwapa ruhusa. Aliwapa, nimezungumza naye. Aliambiwa ni wanafunzi wamekuja kuonyesha laifujaketi. Na hata angeelewa yote, mzee hawezi kuutolea idhini mwili wa mtoto wa mwenziwe. Lamu tumeshalipitia somo la watu wachache kuulizwa kwa niaba ya wengi: Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua kesi za leseni kama hizo, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo ule ulikuwa wa mabilioni. Wenu ni wa sponji, ila haki ya kuulizwa ni ile ile.

Utasema hakuna aliyekufa. Siwezi kukijibu hicho kwa adabu, kwa hiyo nakiacha.

Utasema nawavunja moyo vijana wabunifu. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu wale watoto niliwapenda. Mmoja wao, msichana, alikuwa akiandika kila kitu daftarini na aliniuliza swali la maana kuhusu akina mama wanaovuka na watoto wachanga, kwa nini hakuna laifujaketi ya mtoto wa mgongoni. Huyo ni mhandisi. Nataka arudi. Lakini chuo kilimtuma na kifaa, na nauli, na tarehe ya kuwasilisha, bila kumpa hata swali moja la kujiuliza kabla ya kumwambia mtu "ruka". Mtoto yule angezama, msichana huyu angebeba jina la kuua maisha yake yote, na karatasi mliyomtilisha nayo saini chuoni, nina hakika, inasema ni kwa dhima yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba haya, na naomba kwa maandishi.

Kwanza, kuanzia muhula ujao, mradi wowote wa kitivo chako utakaogusa mwili wa mtu asiye mwanakikundi upitiwe na kamati ya maadili ya chuo, uitwe utafiti au usiitwe, na fedha za vifaa zisitolewe kabla ya kibali. Hili ndilo kubwa. Mkilikubali hili moja, mengine yatafuata yenyewe.

Pili, kamati inapopitia mradi wa kuletwa huku, awemo mtu wa huku. Anaweza kuwa nahodha, mtu wa hospitali au mwalimu, mradi awe anaijua bahari na watu wake, na alipwe kwa kazi yake kama maprofesa wanavyolipwa posho ya kikao. Fomu za idhini ziwe za Kiswahili na zisomwe kwa sauti. Malipo yatolewe hata kwa anayeacha katikati. Walio chini ya miaka 18 wasijaribiwe bila mzazi, na kwa majini wasijaribiwe kabisa.

Tatu, wanafunzi wasome haya darasani kabla ya kushika sindano ya kushonea. Bodi ya Wahandisi Kenya, iliyo chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, ndiyo inayoitambua mitaala yenu, na nakala ya barua hii inakwenda kwao. Mwanafunzi wa uuguzi husomeshwa Tuskegee: jinsi wanaume weusi wapatao 600 wa Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, walivyochunguzwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli, na bila kupewa penisilini hata ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida. Sioni kwa nini mwanafunzi wa uhandisi asisomeshwe. Waliolifanya lile walikuwa watu wa kawaida, wana vyeo na mishahara, na kila mmoja aliamini karatasi ziko sawa.

Nne, kwa hawa wawili. Mtoto apimwe mapafu kwa gharama ya chuo, maana bado anakohoa. Baharia apewe barua, yenye mhuri wa kitivo, inayosema wazi kwamba kipimo alichosomewa gatini hakikuwa sahihi na hakikupasa kusomwa. Barua hiyo anaihitaji zaidi ya fidia. Ameniambia mwenyewe, na kuna nyumba moja anayotaka kuipeleka. Namba zote zilizochukuliwa siku ile zifutwe, au wenyewe waulizwe kama wanakubali zibaki.

Tano, mtu mwenye cheo, asiwe karani, aje Lamu aonane na wazazi hawa. Nitamwandalia mahali pa kukaa na chakula.

Nimeambiwa kundi jengine linajiandaa kuja kaskazi ikianza, na mashine ya kusafisha maji ya visima vya kisiwa cha Pate. Maji hayo yatanywewa na watu. Nataka kujua sasa, kabla hawajapanda basi, yamepimwa na nani, wapi, na nani atakayekuwa akiyaangalia matumbo ya watoto watakaoyanywa. Nisipopata jibu la maandishi kabla ya siku hiyo, nitaipeleka barua hii NACOSTI na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kama malalamiko rasmi, na nitakwenda Pate mwenyewe kuwaambia akina mama wasiyanywe.

Wako mwaminifu,

Muuguzi mstaafu, Langoni.
(Jina langu kamili na nambari ya simu zimo katika nakala iliyoletwa ofisini kwako kwa mkono.)

Nakala kwa:
Naibu Chansela wa chuo
Mwenyekiti, Kamati ya Maadili ya Utafiti ya chuo
Bodi ya Wahandisi Kenya
Idara ya Afya, Kaunti ya Lamu
Wazazi wa vijana wote wawili